Taipu Sita, Mkono Mmoja

Siku ya kuniaga kazini mlinipa dakika kumi za kuzungumza, mkanipa na kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma. Nilisema asante, nikaketi, nikala keki. Baadaye wengi wenu mliniuliza mbona sikusema lolote la maana baada ya miaka yote ile ya kurusha ndege na kuwatahini wanaozirusha. Haya, sasa niko nyumbani Muthara, mke wangu ameshachoka kuniona mchana, na kalamu ninayo. Nitawaandikia mambo ambayo hayamo kwenye vitabu vyenu vya mitihani. Kuhusu vyeo sitasema kitu, maana waliopewa vyeo wana midomo yao.

Nianze na jambo ambalo shangazi yangu hajalielewa mpaka leo. Nilipopata leseni ya kwanza alikusanya akina mama wa kanisa lake wakaniombea kwa sauti, kisha akaniuliza ni lini nitapita juu ya Muthara na ile ndege kubwa ya kwenda Ulaya. Nikamweleza kwamba leseni yangu ilikuwa ya ndege moja ndogo, yenye injini moja, ya kurushwa mchana tu, tena kukiwa hakuna mawingu. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama yale maombi yanaweza kurudishwa.

Leseni inasema wewe ni rubani. Haisemi wa ndege gani. Ili urushe ndege ya aina fulani lazima ufunzwe ndani yake, utahiniwe ndani yake, na kibali chake kiandikwe kwenye leseni yako. Kibali hicho sisi tunakiita taipu. Mimi nimestaafu na taipu sita. Kila taipu ni jiko la mtu mwingine: sufuria ni zilezile, chumvi ni ileile, lakini ukinyoosha mkono bila kutazama utashika moto.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Timau, kwenye shamba la ngano lililokuwa na ndege ya kunyunyizia dawa. Nilitoka Muthara nimevaa shati la mikono mifupi kwa sababu nilitaka watu waione saa yangu. Timau saa moja asubuhi haina habari na saa ya mtu. Nilifika kiwanjani nikitetemeka, na kiwanja chenyewe kilikuwa kipande cha nyasi kilichoinama katikati ya ngano, upande mmoja juu, upande mmoja chini. Kando ya ndege alisimama mwanamume mfupi aliyevaa makoti mawili na kofia ya sufu, anakunywa uji kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Alinitazama mikono, akaingia ofisini, akatoka na gunia tupu. Hilo ndilo lililokuwa sweta langu wiki ya kwanza.

Nitamwita Kapteni Njeru, rubani wa shamba lile na mwalimu wangu. Jina nimelibadilisha, na Embu nzima imejaa akina Njeru, mtatafuta mchoke. Tulimzika mwaka juzi, na mjane wake, Mama Wanja, ndiye aliyeniambia niandike yote bila kupaka sukari. Njeru alikuwa Mwembu wa upande wa chini, karibu na Gachoka, na mimi ni Mtigania. Kiembu chake na Kimeru changu vilielewana kwa kiasi cha kutosha kugombana tu, kwa hiyo kazi tuliifanya kwa Kiswahili. Ngeli hakuwa na wakati nazo. Kwake kila kitu duniani kilikuwa "hiyo", pamoja na mimi.

Wiki mbili hakunirusha. Aliniketisha ndani ya ndege iliyozimwa, akanifunga macho kwa kitambaa cha kichwa cha Mama Wanja, akawa anataja vitu nami naviguza. Flapu za mabawa. Breki. Tanki la kushoto. Kila nilipokosea alinigonga kidole kwa kijiko cha uji. Nililalamika kwamba nina leseni, kwamba nimefunzwa Nairobi na watu wenye suti. Akaniuliza kama hao wenye suti watakuwa nami ndani siku dawa ikinirukia machoni. Nikarudi kuguza, kidole kikiuma.

Kitu alichokisisitiza kuliko vyote ni liva nyekundu, kijiti cha kusukuma na kuvuta. Ndege za injini ya pistoni zinayo: inapima mafuta yanayochanganyika na hewa. Ukiwa sehemu za chini unaisukuma mbele yote, na kitabu kinasema hivyo. Lakini Timau iko juu na hewa yake ni nyembamba. Ukiisukuma yote, injini inalewa mafuta, inakohoa, na ndege inafika mwisho wa kiwanja ikiwa bado inatafakari. Kwa hiyo sisi wa Timau tulikuwa tunaivuta nyuma kidogo, tunasikiliza injini mpaka iimbe vizuri, ndipo tunaondoka. Tukishapanda, tunasikiliza tena na kuivuta tena kidogo. Wakati mmoja alikuja rubani wa pwani akafuata kitabu chake neno kwa neno, na ngano ikampokea. Njeru alimfuata kwa miguu, akamsalimu kwa heshima, akamwambia kitabu hicho kiliandikwa kando ya bahari.

Baada ya mwaka mmoja mkono wangu ulikuwa unavuta liva nyekundu bila kuniuliza. Ndipo nikatumwa kupeleka vipuri kwenye kiwanja kimoja cha murram karibu na Gachoka. Kule ni joto, ni chini, na kiwanja hakitumiki sana, kwa hiyo akina mama wa pale walikuwa wanaanika ndengu juu yake. Nilipozunguka juu mara mbili walielewa, wakakusanya ndengu zao, nikatua. Nikashusha vipuri, nikanywa chai, nikaondoka. Na katika kuondoka, mkono ukafanya ule ule mchezo wa Timau. Kule chini injini ilitaka mafuta yote, mimi nikaipa nusu sahani. Ikapata joto, ikaanza kugonga ndani kwa ndani, nguvu zikaisha nikiwa nimepanda kimo cha mnazi. Nikageuka nirudi.

Akina mama, kwa kuniona nimeondoka, walikuwa wameshaanza kurudisha ndengu. Waliruka pembeni, nami nikapita katikati ya mavuno ya watu watano hivi. Ndege iliposimama, mmoja wao, mama wa makamo mwenye ufagio mkononi, alinijia dirishani na kuniambia kwa upole kabisa, "Kijana, si ungesema kama hujamaliza kutua."

Njeru alikuja na pikapu siku hiyohiyo. Aliikagua injini, akaifunga, akanipa karai, akaniambia nichambue ndengu zilizonasa kwenye magurudumu, punje kwa punje, niwarudishie wenyewe. Yeye alikaa kwenye kivuli cha bawa na uji wake. Nilipomaliza akasema jambo ambalo nimewaambia wanafunzi wangu wote tangu hapo. "Kichwa yako ilishuka Gachoka," alisema. "Mkono ilibaki Timau."

Taipu na vibali vingine vilikuja kimoja kimoja. Ndege ya injini mbili, ambayo mtahini wake alikuwa anazima injini moja kila nilipokaribia kutabasamu. Kibali cha kuruka ndani ya mawingu, ambacho hufunzwa ukiwa umevalishwa kikofia kirefu kinachokuziba usione nje, na unaweza kutapika ndani yake pia, nimehakikisha. Kila nilipoingia kwenye ndege mpya nilichukua siku nzima nikaketi ndani yake ikiwa imezimwa, macho yamefungwa, nikiguza. Nyinyi siku hizi mnajifunza kwenye simu. Sina ubaya na simu, ila sijaona simu inayogonga mtu kidole.

Kisha nikawa mtahini. Ilikuwaje, hayo ni mambo ya vyeo. Kazi ya mtahini ni kukaa kiti cha kulia, kunyamaza, na kuandika kwa penseli. Kalamu ya wino hukataa kuandika ukiwa juu, na watahiniwa husikia kalamu mpya ikitolewa mfukoni wakadhani wameshafeli. Nimetahini watu waliokariri kila kitu isipokuwa kufunga mlango. Nimemtahini binti wa mji wa Maua, Halima, ambaye baba yake mwenye malori alinipigia simu kuniuliza kwa adabu kama inawezekana nimfelishe kidogo tu, ili arudi kusimamia malori. Sikumfelisha, kwa sababu msichana mwenyewe hakunipa nafasi. Baba yake alinitumia mbuzi, na sijui hadi leo kama alikuwa wa shukrani au wa laana. Nilimrudisha, maana mtahini hali mbuzi wa mtahiniwa.

Sasa nifike kwenye mtihani ninaoulizwa kila mara, ambao nimeukwepa miaka mingi.

Shamba la Timau liliacha kunyunyizia dawa kwa ndege. Wakanunua matrekta yenye mabomba marefu, ndege ya zamani ikauzwa, na badala yake wakaleta ndege ya viti tisa yenye injini ya tabaini, isiyo na pistoni, ya kubeba watu wa shamba na wageni wa mashamba ya maua ya jirani. Njeru wakati huo alikuwa na umri ambao siwezi kuutaja, kwa kuwa alikuwa na miaka miwili tofauti ya kuzaliwa, mmoja wa daktari na mmoja wa kanisani. Hakuwa na taipu ya ndege hiyo mpya. Meneja alimwambia wazi mbele yangu: akipata taipu, kiti ni chake, asipoipata, kuna kijana Nanyuki ambaye tayari anayo, na ataanza Jumatatu. Hapakuwa na kurudia. Kwa Njeru, kutokupita ilikuwa ni kushuka kutoka hewani moja kwa moja.

Akasoma. Akapita mtihani wa maandishi huku akigombana na mwalimu kila siku, na mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Kisha akaomba nimtahini mimi. Ningepaswa kukataa. Mtu hatahini mwalimu wake, na hilo halihitaji kuandikwa popote. Lakini nilitaka. Nilitaka Njeru aketi kushoto, mimi kulia na penseli, na aniite mtahini hata mara moja. Nawaambia bila kujificha: ilikuwa ni majivuno. Hilo ndilo kosa la kwanza la siku ile, na lilikuwa langu.

Tulianza saa mbili asubuhi, mlima umejifunua wote, hakuna wingu. Njeru alirusha ile ndege vizuri mpaka nikaona aibu. Kona kali, mwendo wa pole, kutua, kuondoka tena bila kusimama. Niliandika alama nzuri hadi penseli ikawa butu. Mara ya tatu tulipoondoka tukawa tunapanda, futi mia saba hivi juu ya ngano. Akainua flapu. Kisha akainamisha kichwa upande mmoja kidogo, kama alivyofanya miaka yote, akisikiliza injini.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Injini ya tabaini haisikilizwi kwa sikio, inasomwa kwenye saa zake za vipimo. Na katika ndege ile, pale pale ambapo mkono wa mtu wa Timau umezoea kukuta liva nyekundu ya kupima mafuta, kuna liva nyingine nyekundu ya kukata mafuta. Ina kizuizi kidogo. Lazima uisukume kushoto kwanza ndipo uivute hadi mwisho, na hufanywa hivyo ardhini tu, wakati wa kuzima. Wiki nzima ya mafunzo Njeru alikuwa ameizima hivyo mara nyingi, mpaka mkono ukajua hata njia ya kupita kizuizi.

Niliuona mkono wake wa kulia ukienda. Nilikuwa na muda wa kuupiga. Sikuupiga, kwa sababu ulikuwa mkono wa Njeru, na akili yangu ilikataa kwamba mkono ule unaweza kushika kitu kisicho chake. Ukasukuma kushoto, ukavuta.

Injini ikanyamaza. Mtu ambaye hajasikia kimya hicho hakijui. Unasikia upepo, unasikia mkanda wa kiti ukilia. Kuiwasha tena kulihitaji muda ambao hatukuwa nao. Njeru alisema neno moja la Kiembu ambalo Mama Wanja ameniomba nisiliandike, akashusha pua ya ndege, akatazama mara moja kulia na mara moja kushoto. Aliacha ngano iliyosimama, akaacha barabara yenye trekta, akachagua kipande kilichokwisha kuvunwa, chenye kupanda kidogo, akaigeuza ndege kwa upole kana kwamba alikuwa na asubuhi nzima. Tuligusa mabua. Tukapanda na ule mteremko hadi mwendo ukaisha wenyewe. Hakuna kilichovunjika. Nimetua mara nyingi kuliko nilivyokula githeri, na sijawahi kutua hivyo hata nikiwa na injini.

Kwa mbali wavunaji walikuwa wanakimbia kuja, dereva wa mashine ya kuvuna akiwa mbele, wengine wakipiga makofi. Shamba lote lilijua kulikuwa na mtihani, na lilijua kwamba watahini huwafanyia watu vituko vya kuzima injini. Walidhani wameona kituko kikubwa kuliko vyote.

Njeru hakunitazama. "Waambie ulizima wewe," akasema.

Nikamwambia, "Kapteni, sikuzima mimi."

"Najua. Waambie tu. Mtahini si huwa anazima injini? Na hiyo kutua, ni nani ametua? Si ni mimi?"

Ilikuwa ni yeye. Hapo ndipo uchungu wenyewe ulipokuwa. Kama ningekuwa nimeizima mimi, ningempa alama ambazo sijawahi kumpa mtu. Tofauti yote kati ya kupita na kutopita ilikuwa ni mkono wa nani ulivuta liva ile, na tuliojua tulikuwa wawili. Nilimwambia hivyo hivyo. Akanijibu kwamba basi ni rahisi. Kisha akasema kitu ambacho hakuwahi kukitumia kwangu miaka yote, hata siku za kijiko.

"Kirimi, mimi ni wa rika ya baba yako."

Kwetu Meru na kwao Embu, mtu wa rika la baba yako akikuomba jambo kwa maneno hayo, huulizi, unafanya. Nilitaka kufanya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kisha nikageuka nyuma, nikaviona vile viti tisa, mikanda yake imekunjwa vizuri, na nikajua kwamba Jumatatu vingekuwa na watu, na mkono ule ungekuwa mbele yao, na mimi nisingekuwa kulia.

Nikashuka, nikaketi kwenye gurudumu, nikaandika. Niliandika kwamba mtahiniwa alikata mafuta kwa mazoea ya ndege nyingine. Niliandika kwamba alitua kwa ustadi wa hali ya juu. Niliandika pia kwamba mtahini aliuona mkono na hakuuzuia, jambo lililofanya ofisi ya leseni kuniweka kando kwa muda, lakini hayo ni mambo ya vyeo tena, tuyaache. Mwisho nikaandika kwamba hajapita.

Nilimpa karatasi. Aliisoma yote, polepole, amesimama kwenye mabua. Akaniambia nimesahau kuandika upepo ulikuwa unatoka wapi. Nikauandika. Akaweka sahihi, akavua kofia ya sufu, akaivaa tena, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani bila kuwajibu waliokuwa wanampongeza. Nililia pale nyuma ya ndege, na kama kuna mvunaji aliyeniona, amenitunzia siri.

Kijana wa Nanyuki alianza Jumatatu. Njeru akarudi kwao Gachoka, akaanza kufuga kuku. Na baada ya miezi michache habari ikaanza kunifikia, kwanza kutoka Embu, kisha Meru mjini, mwisho ikanifikia kwa mama yangu mzazi jikoni. "Nasikia ulizimia mwalimu wako ndege akiwa ndani," mama alisema, "halafu ukamfelisha kwa sababu hakufa."

Njeru ndiye aliyekuwa anasimulia. Kwa simulizi yake, nilizima injini karibu na ardhi kwa kujionyesha, yeye akaokoa roho yangu, nami nikamfelisha kwa wivu. Mwanzoni nilipinga. Nilieleza liva, nilieleza tabaini, nilimchorea mama yangu picha kwenye unga. Hakuna mtu duniani anayetaka kuelezwa liva. Watu wa Muthara walinitazama kama mwanamume aliyekula kiapo cha uwongo. Nilimpigia Njeru simu mara nyingi, hakupokea. Nilipeleka salamu kwa watu waliokuwa wanashuka Embu, zikarudi kama zilivyokwenda. Nilikuwa na hasira naye, na wakati huohuo nilikuwa namkosa kila nilipoingia ndani ya ndege nyingine. Miaka mitatu ilipita namna hiyo.

Kisha Mama Wanja akanipigia. Binti yao alikuwa anatolewa mahari, na alisema ananialika yeye mwenyewe, na mumewe hajui, na nisiulize maswali. Nilienda. Nilivaa sweta safari hii ingawa Gachoka ni joto, kwa sababu nilikuwa sijiamini.

Wageni walikuwa wengi, wamekaa chini ya hema, mbuzi amekwisha kuchomwa. Njeru alikuwa mbele na wazee wa upande wa bwana harusi, kisu mkononi, anakata nyama na kuwagawia. Aliniona nikiingia. Hakusimama, hakuinua mkono. Mama Wanja akaniketisha mbele kabisa, nusu hatua kutoka kwa mumewe, kwa makusudi, mama yule.

Mzee mmoja wa upande wa wageni, kwa kutaka kumpendeza mwenyeji, akamwomba asimulie ile habari ya ndege. Njeru akasimulia. Alisimulia vizuri mno: mlima ukiwa wazi, ngano, mabua, kimya cha injini. Kila kitu kilikuwa kweli isipokuwa mkono mmoja. Alipofika pale pa kuzima injini akaacha kukata nyama, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akanitazama usoni. Watu wote wakageuka kunitazama.

"Si ni huyu," akasema. "Kirimi, si ni wewe ulizima?"

Karatasi yenye ukweli ilikuwa Nairobi, imepigwa muhuri, imefanya kazi yake. Viti tisa vilikuwa na rubani mwingine. Hapa palikuwa na baba anayetoa binti, na wakwe wanasikiliza, na mimi nikiwa na neno moja la kuchagua. Sikuhitaji kufikiri.

"Ni mimi, Kapteni," nikasema. "Nilizima bila kukuonya. Na angekuwa mtu mwingine ameketi pale kushoto, leo singekuwa hapa."

Wazee wakacheka na kunisuta, wakampiga Njeru mgongoni. Mmoja akaniambia nimshukuru Mungu. Njeru hakucheka. Alinitazama kwa muda mrefu, macho yake yamelowa, kisu kimesimama hewani. Kisha akainama, akakata ubavu mzima, ule mnono aliokuwa amemwekea mkwe, akauweka kwenye sahani yangu na kuinama karibu na sikio langu.

"Kula, mwongo," akasema.

Nikala.